Unga Uliopotea Kwenye Maziwa

Mama yangu hana imani na dawa ya kumeza. Kwake dawa ni kitu cha kupaka, tena kwa mkono, si kwa pamba wala kijiti. Alinipaka mafuta ya kondoo nilipozaliwa, akanipaka nilipougua surua, na siku niliyoondoka kwenda kusomea ufamasia Eldoret alinipaka mbele ya wenzangu, shingoni na usoni, nikapanda basi nikinuka zizi. Nilinuna mpaka Kainuk. Siku hizi harufu ile ikinipita sokoni hugeuka kutafuta imetoka wapi.

Binti yangu alipozaliwa na ualbino, hapa Lodwar, mama alikuja kutoka Kakuma na kibuyu chake cha mafuta. Alimpokea mjukuu wake, akamgeuza huku na huku mwangani, akaanza kumpaka. Alipomaliza ndipo aliposema, "Huyu jua itamsumbua." Basi. Watu wengine walisema mengi, na baadhi yake hata leo siwezi kuyarudia bila kutaka kurusha kitu. Mama yangu alisema hilo moja tu, na ndilo lililokuwa kweli.

Jua la kwetu halina huruma na mtu yeyote, sembuse mtoto ambaye ngozi yake haina rangi ya kumkinga. Ninafanya kazi katika chumba cha kuchanganyia dawa, kwa hiyo watu hudhani kwangu jambo hili lilikuwa rahisi. Kweli, nilijua la kufanya. Mikono mirefu, kofia pana, kivuli, na mafuta ya kuzuia jua kila asubuhi. Yale ya dukani hufika Lodwar yakiwa yamekwisha kuchemkia ndani ya malori, mafuta juu na maji chini, kwa hiyo nilijifunza kutengeneza yangu. Nilinunua oksidi ya zinki, ule unga mweupe unaotiwa kwenye dawa za upele wa watoto, nikauponda ndani ya mafuta ya mgando mpaka mkono ukafa ganzi.

Yalifanya kazi, ila yalimfanya binti yangu awe mweupe maradufu. Wanakijiji wa dunia hii wana midomo. Mwaka juzi, Jumapili ya Matawi, nilimpeleka Kakuma kwa bibi yake ili aandamane na watoto wa kanisa. Hayo ndiyo maandamano anayoyapenda kuliko Krismasi: watoto wa mji na watoto wa kambi ya wakimbizi pamoja, ngoma za watu wa Sudan Kusini mbele, nyimbo za Wakongo nyuma, na kila mtu amebeba tawi la mkoma. Kabla hawajaondoka, mtoto mmoja alimtazama akasema, "Huyu wamempaka rangi ya ukuta." Wenzake wakacheka. Binti yangu hakulia. Alijifuta uso wote kwa sketi yake, mpaka ukawa mwekundu, na mimi nikamkataza kwenda kwa sababu hakuwa na kinga. Alikaa na bibi yake kwenye baraza la kanisa, tawi mapajani, akisikiliza ngoma zikienda mbali.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta unga mwembamba zaidi. Mwalimu wangu wa zamani wa Eldoret alinitumia kopo moja la oksidi ya zinki ya chembe za nano. Ni zinki ile ile, lakini chembe zake ni ndogo mno hata darubini ya shuleni haizioni, na ukiupaka hauonekani mweupe. Unakinga, lakini mtu akikutazama anaiona ngozi yako. Nilipolifungua kopo nilifunga pua na mdomo kwa kitambaa, maana unga ule ni mwepesi, ukicheka karibu nao umekwisha kuuvuta. Nilijipaka kidogo mkononi nikatoka nje kujitazama. Nilifurahi kama mtoto.

Chembe zikiwa ndogo namna ile, karibu chembe nzima ni ngozi tupu, hakuna ndani. Kila kitu kinachopita kinaigusa. Hewa kavu ya Lodwar haiutishi unga huo, lakini hewa yenye unyevu huubadilisha polepole na kuufanya mabonge. Maji yetu ya visima yana chumvi na magadi, nayo hayauyeyushi, yanaugandisha mabonge tu ukashuka chini. Kinachoumaliza ni ukali, kama wa ndimu au siki. Ni kama chumvi: ya mawe utaimumunya kwa muda, ya unga imekwisha kabla hujafunga mdomo. Haya yote niliyajua vizuri sana, nikiwa Lodwar.

Ilipofika likizo ya Desemba, binti yangu akaenda Kakuma kama kawaida. Nilikuwa zamu mfululizo, na baba yake huendesha lori la samaki wakavu kutoka Ferguson's Gulf, hukaa nyumbani kama mgeni. Kwa kuwa mafuta yaliyochanganywa hujitenga kwenye joto, niliufunga unga peke yake kwenye chupa, na mafuta peke yake kwenye nyingine. Nilimwonyesha mama: kila asubuhi chota kijiko kimoja, changanya na mafuta haya kwenye kisahani, mpake. Mama aliitikia kwa kichwa kwa heshima zote, kama anavyowaitikia wahubiri.

Kumbe mafuta yangu hakuyapenda. Alisema yanashika vumbi na nzi, na yanampa mtoto joto. Kwa mama yangu, ngozi iliyochomwa na jua hupozwa na kitu kimoja, maziwa lala, yale yaliyokaa mpaka yakachacha kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Hata sisi tulipoungua na uji alitupaka hayo. Na kitu chenye thamani hakikai kwenye chupa ya plastiki, kinakaa kwenye kibuyu pamoja na vitu vingine vyenye thamani. Basi jioni moja akachukua vijiko kadhaa vya ule unga wa gharama, akavitia kwenye kibuyu cha maziwa lala, akatikisa vizuri, akakiegemeza ukutani mpaka asubuhi.

Asubuhi alimimina kidogo kiganjani. Hakuona weupe mwingine wowote zaidi ya maziwa. Unga haukuwa chini, haukuwa juu, wala haukukwaruza vidoleni. Alifurahi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia kwamba uzuri wa unga huu ni kutoonekana, na sasa kweli hauonekani. Alimpaka mjukuu wake kwa mikono yake miwili, uso, masikio, shingo, nyuma ya magoti. Binti yangu akajitazama kwenye kioo cha mlangoni, akasema, "Ata, imeingia yote!" Ata ndiyo bibi kwa Kiturkana. Hakukuwa na rangi ya ukuta. Akatupa kofia kitandani, akakimbilia kisimani kucheza na watoto wa jirani, akacheza mpaka wote walipoitwa kula.

Simu ilikuja jua likizama. Mama hana salamu fupi. Huanza na ejok, ile hujambo ya Kiturkana, kisha mbuzi, mvua, majirani. Siku hiyo alisema, "Kuja. Mtoto ameiva."

Nilifika Kakuma asubuhi. Sitaeleza sana. Shingo na masikio yalikuwa yamevimba na kutoka malengelenge, mdomo umepasuka, na alilala kifudifudi chini ya neti akipumua kwa mdomo. Fundi cherehani wa jirani, mama mmoja kutoka kambini, mzaliwa wa Sudan Kusini, alikuwa amekaa kando yake akimpepea na kipande cha boksi. "Maalesh, binti, maalesh," alikuwa akirudia, pole, pole. Mama yangu alikuwa nje, amekaa juu ya jiwe la kusagia, mikono imekunjwa kwapani kama mtu mwenye baridi.

Nilimwuliza amempaka nini. Akanionyesha kibuyu. Nilinusa tu nikajua, na hasira ikanipanda kichwani. Sikumpigia kelele, mama hapigiwi kelele, lakini niliongea kwa ile sauti ya taratibu ambayo binti yangu anasema ni mbaya kuliko kelele. Nilisema, "Umeua dawa, Mama."

"Dawa iko ndani ya maziwa," akajibu. "Niliweka mimi."

"Haiko."

"Imeenda wapi sasa?"

Ni swali zuri. Nikachukua bilauri tatu za chai. Moja nikatia maji ya kisima, nyingine mbili nikatia maji ya maziwa lala, yale yanayojitenga juu, niliyoyachuja kwa kitambaa. Nikatia ncha ya kijiko ya unga kwenye maji ya kisima: yakawa meupe kama uji mwepesi. Nikatia kiasi kile kile kwenye maji ya maziwa, nikakoroga. Yakafanya ukungu, nikaendelea kukoroga, na taratibu ukungu ukaondoka mpaka ukaona vidole vyangu upande wa pili. Mama aliinama akatazama chini ya bilauri. Akaitazama kwa pembeni. Akatumbukiza kidole akakisugua na kidole gumba.

"Maziwa imekula," akasema.

Nikamwambia ndiyo, imekula. Zinki bado imo, lakini imekuwa kitu kingine kinachoyeyuka kama sukari, na kitu kilichoyeyuka hakizuii jua.

Bilauri ya tatu ilikuwa na maji ya maziwa, bado haijatiwa unga, na sijui kwa nini niliiandaa, labda mkono uliozoea kazi hutaka kuwa na ya ziada. Mama aliinuka akaingia ndani. Akarudi na mfuko wa ngozi ambao sikuwa nimeuona tangu utotoni, akatoa bonge la udongo mwekundu, emunyen, ule aliopakwa pamoja na mafuta siku alipoingia boma la baba kama bibi harusi. Akakwangua kidogo kwa ukucha ukaanguka ndani ya bilauri. "Na hii?" akauliza. Nadhani alitaka kuniona nikishindwa. Au alitaka tu kuona kitu chake kimoja kikibaki.

Kilibaki. Asubuhi ya pili udongo ulikuwa chini ya bilauri, mwekundu vile vile. Nilimweleza kwamba ule ni chuma kilichokwisha kushika kutu, na kutu haishiki kutu tena. Hewa imekwisha kuchukua ilichotaka, maji hayana la kufanya, na maziwa lala yangehitaji muda mrefu sana kuutafuna. Ni oksidi kama unga wangu, ila yenye moyo mgumu. Kwa kawaida mama angenitania, angesema hata chuma ni Mturkana. Alirudisha bonge mfukoni.

Binti yangu alipona. Ngozi ilibanduka, mpya ikaja, sikio moja likabaki na alama ambayo ninaitazama kila wiki kwa tochi. Ambacho hakikupona ni mikono ya mama. Tangu siku ile hakumgusa tena mjukuu wake. Alimpikia, alimtengea chakula, alimwita kwa maneno matamu kuliko zamani, lakini mtoto akimsogelea alishika ufagio, alishika sufuria, alishika chochote. Tulipoondoka kurudi Lodwar, kwa mara ya kwanza maishani mwangu mama alituaga bila kupaka mtu mafuta. Alisimama mlangoni akapunga. Binti yangu alingoja kidogo kwenye ngazi ya gari, uso ameuinua tayari, ndipo akaelewa akaingia.

Njiani aliniuliza, "Ata amenikasirikia?"

"Amejikasirikia mwenyewe."

"Si ni mimi nilitupa kofia."

Nilimwambia amwambie bibi yake hivyo. Alimwambia kwa simu. Mama alijibu kwamba mbuzi mmoja amezaa pacha.

Wazo la udongo lilinijia kazini. Kila mara nilipokoroga zinki niliiona ile bilauri nyekundu. Sikuukubali hivi hivi, udongo ni udongo, huenda umebeba kitu kisichotakiwa ngozini. Nilimwomba mama anitumie kipande kwa mtu aliyekuwa akija Lodwar, nikampelekea mwalimu wangu kijiko kimoja auangalie kama una madini ya risasi au sumu nyingine. Alinipigia akasema ni oksidi ya chuma na mchanga, hana neno. Nikauosha mara nyingi, nikamwaga mchanga mzito, nikaacha maji mekundu yatulie, nikachukua kile chembamba kilichoshuka mwisho. Nikakikausha kwenye sinia juu ya paa, nimeifunika na nguo kwa sababu ya kunguru.

Mwaka huu tulifika Kakuma Ijumaa kabla ya Jumapili ya Matawi. Fundi cherehani alikuwa ameshona gauni jeupe la mikono mirefu, kola imesimama mpaka masikioni, na kofia ya kitambaa hicho hicho yenye ukingo kama sahani ya ugali. Nilitandika mkeka barazani, nikaweka unga mweupe, udongo mwekundu na mafuta ya mgando, hakuna maziwa. Nikamwita mama.

"Fanya wewe," akasema kutoka jikoni. "Wewe ndiyo umesoma."

"Nahitaji mkono wako."

"Mkono yangu si mzuri."

"Sikuombi upake. Nahitaji rangi yake."

Akaja, kwa shingo upande, akaketi. Nilimwambia anyooshe mkono juu ya goti, nikaanza kuchanganya, unga mwingi na udongo kidogo. Binti yangu ndiye aliyekuwa akilinganisha. Anapaka tone kwenye kifundo cha mkono wake, anakiweka kando ya mkono wa bibi yake, anafinya macho, maana macho yake nayo hayaoni vizuri. "Bado, Mami. Ongeza." Nikaongeza. "Hii ni ya chungwa." Nikaongeza. Tulifikia rangi ambayo haikuwa ya mama yangu, mama ni mweusi wa kung'aa, lakini ilikuwa ya hudhurungi yenye wekundu, rangi ya njia ya kwenda mtoni.

Kuna kitu kilikuwa kikinichoma, nikaona nikiseme. Nilimwambia binti yangu kwamba hana haja ya kujificha, kwamba rangi yake haina kosa lolote, na asiyeipenda atazame pembeni.

"Sijifichi," akasema, akiwa bado anatazama ile mikono miwili. "Mikono yangu naacha hivi hivi, si nitavaa mikono mirefu. Nataka tu kufanana na Ata kidogo, kwa uso. Wengine wote wanafanana na bibi zao."

Mama aliinuka ghafla akasema kuna kitu kinaungua jikoni. Jikoni hakukuwa na moto.

Jumapili nilimpaka mwenyewe. Uso, masikio, shingo, kila kunjo, kisha nikamvika kofia. Alitoka nje akiwa msichana wa hudhurungi mwenye nyusi za dhahabu, na watoto walimtazama, watoto hutazama, lakini yule aliyesema rangi ya ukuta alichouliza ni kama na yeye anaweza kupakwa. Wakaenda. Mama na mimi tuliwafuata kando ya barabara pamoja na wazazi wengine. Jua lilipanda, vumbi likapanda, ngoma zikaenda mbele, na kofia ile nyeupe ikawa inaonekana na kupotea katikati ya matawi. Mama hakuimba. Alikuwa akiitazama shingo ya mtoto, hatua kwa hatua, mpaka tukafika na kurudi.

Jioni niliweka karai uani nikamwosha. Mafuta yalikataa kwanza, nikasugua kwa sabuni, na maji yakawa mekundu. Nilimwinamisha, nikatazama masikio, kisogo, pua, chini ya kidevu. Ngozi ilikuwa kama ilivyokuwa asubuhi. Nikatazama tena kwa sababu sikuyaamini macho yangu, na nikaona ninalia, machozi ya kipuuzi, yanadondokea kwenye karai. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Njoo uangalie," nikamwambia.

"Si umeangalia wewe."

"Mama. Njoo."

Alikuja. Alimgusa kwanza kwa mgongo wa vidole, pale shingoni, kama anavyopima joto la maziwa. Hakukuwa na joto. Akageuza mkono, akaweka kiganja chote, na kiganja kikakaa pale. Chini ya karai udongo ulikuwa umeanza kutulia. Kisha akaenda ndani akarudi na kibuyu cha mafuta ya kondoo, akaketi kwenye mkeka, akamvuta mjukuu wake katikati ya magoti yake, akaanza kumpaka. Jua lilikuwa limeshazama. Hakukuwa na cha kukingwa.

Binti yangu alifumba macho. Baada ya muda akauliza, "Ata, na kesho?"

"Kesho hakuna maandamano. Kesho wewe unakaa kwa nyumba."

"Najua," akasema. "Nauliza kama utanipaka."

Mama alichota mafuta mengine.